Namna Bora ya Kutoboa Bomba la Maji kwa Skrubu Moja

Watu wengi hutoboa mabomba ya nyumba zao ovyoovyo. Kijitundu kidogo, maji kiasi, fundi anaitwa, anaziba, watu wanarudi mezani. Huko ni kupoteza nafasi. Mwongozo huu ni wa mwenye nia ya kuifanya kazi hiyo mpaka mwisho wake: ukuta ulegee, watu walale nje, na jirani apate la kusimulia mpaka mjini Kamembe.

Vyeti vyangu vya kufundishia ni hivi. Mwaka jana, hapa Mibirizi, magharibi mwa Rwanda, Jumamosi moja ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, nilirudi nyumbani na jembe begani na nguvu zikiwa zimebaki. Umuganda una hatari hiyo: umemaliza kuchimba mtaro wa kijiji kabla ya saa sita, unajiona mtu wa kazi, unatazama huku na huku nyumbani ukitafuta kingine cha kutengeneza. Nikakumbuka picha ya harusi ya wakwe zangu, ambayo mke wangu, Mama Keza, alikuwa ameniomba niitundike tangu Pasaka. Kazi ya dakika tano. Leo picha ile imeegemea kabati, sura imeelekea ukutani, kwa sababu baba mkwe ameloa kuanzia kifuani kushuka, na binti yake hapendi kumwona katika hali hiyo.

Tuanze na mahali. Ukiweza kuchagua, chagua Mibirizi. Watu wa mbali wanaijua kwa kahawa: Mapadri Weupe walifungua misheni hapa mwaka 1903, na mwanzoni mwa karne ile miche iliyotoka Guatemala ikapandwa kwenye viwanja vyao, hata leo kuna aina ya kahawa iitwayo Mibirizi, inayotajwa na watu wasioweza kutuonyesha kwenye ramani. Watu wa karibu wanaijua kwa hospitali. Mimi naipenda kwa mteremko. Nchi hii ya vilima elfu haihitaji pampu kila mahali: chemchemi juu, tangi chini yake, nyumba chini ya tangi, maji yanajiendea. Kila mita 10 za kushuka huyaongezea presha ya karibu baa moja. Nyumba yangu iko kama mita 30 chini ya tangi, kwa hiyo baa tatu, na kwa presha hiyo tundu la milimita 6 hutapika lita zipatazo 25 kwa dakika. Ile jerikani ya njano ya lita 20, ambayo watoto huipandisha kilima wakipumzika mara tatu njiani, inajaa kabla dakika haijaisha, na hakuna mtoto aliyetumwa.

Ukuta nao uwe wa rukarakara. Kwa msomaji wa mbali: rukarakara ni tofali kubwa la udongo lililokaushwa kwa jua, halikupita tanurini. Ni tofali jema. Ni rahisi, mchana halipitishi joto sana, usiku halitoi baridi, na likiwa na paa juu na msingi mkavu chini litamzika aliyelifyatua. Sharti lake ni moja tu, lisinywe maji. Sisi tulipopata uwezo tulipiga lipu ya saruji ndani na nje, maana kiwanda cha CIMERWA kiko huko Bugarama, wilaya yetu hii hii ya Rusizi, na saruji hatuioni kama kitu cha kigeni. Lipu ile hufanya kazi ya mfuko: maji yakishaingia katikati hayana pa kutokea. Tofali la kuchoma likilowa linabaki tofali lililolowa. Rukarakara ikilowa inarudi kuwa shamba.

Sasa bomba. Muhimu usijue linapita wapi. Fundi mwangalifu hulipandisha wima juu ya robine, yaani koki, au hulilaza sawasawa na usawa wake, hivyo mtu anayeukwepa mstari wa juu, wa chini na wa kandokando ya kila robine, upande huu wa ukuta na upande wa pili, amejikinga kwa sehemu kubwa. Elimu hiyo haikunisaidia kitu. Aliyetandaza mabomba yangu alikuwa mtu wa kubana matumizi: badala ya kupanda wima kisha kupinda, alikata mshazari kutoka bafuni kwenda jikoni, akaokoa elbo moja na pengine mita moja ya bomba. Mshazari huo unapita katikati ya ukuta wa sebule, mahali ambapo mtu yeyote mwenye macho angetundika picha. Tena usiache kumbukumbu. Simu yangu ina picha tele za ujenzi ule: mimi mbele ya msingi, mimi mbele ya linta, shemeji ameshika beleshi ambalo hakulitumia. Ukuta kabla ya lipu, bomba likiwa wazi, umo katika picha moja tu, na shemeji amesimama mbele yake.

Wakati wa kutoboa ndio unaomtofautisha bingwa na mwanafunzi. Mwanafunzi hutoboa maji yakiwapo, yanamrukia usoni, anajua kosa papo hapo, mchezo umekwisha. Bingwa hutoboa siku ambayo maji ni zamu ya wengine na bomba ni tupu. Drili inaingia kwenye saruji kwa kelele, inafika kwenye udongo inatulia, kisha inakuta kitu kigumu kinacholainika. Unaongeza nguvu. Vumbi linaloanguka kwenye kiti ni la kijivu, halafu jekundu, halafu linakuja na vichembe vyembamba vya kijani, vimejikunja kama maganda ya karoti. Udongo wa Rusizi hauna rangi ya kijani. Mabomba ya PPR wanayouza madukani ndiyo yenye rangi hiyo. Usijiulize swali. Pangusa, chomeka kile kiplastiki cha kushikilia skrubu, kaza skrubu, tundika, shuka, rudi nyuma hatua tatu ukague kama imenyooka.

Uzuri wa skrubu ni kwamba huziba tundu ililolitoboa. Nimeambiwa na mafundi kwamba inaweza kukaa hivyo wiki, hata mwaka, mpaka kutu iile, na mwenye nyumba akashangaa unyevu umetoka wapi. Mimi sikubahatika. Kiplastiki changu kilikaa upande.

Maji yalirudi saa nane usiku. Kwanza hewa ilikohoa kwenye robine ya jikoni, kama kawaida. Kisha ukutani ukaanza mlio mfano wa maharage yanayochemka ndani ya sufuria iliyofunikwa. Huku kwetu mlio ndani ya ukuta si jambo la mzaha. Wengi tunaikumbuka Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, tetemeko lilipobomoa nyumba na makanisa Rusizi na Nyamasheke, na ng'ambo ya pili kule Bukavu, Kongo. Mama Keza alikuwa uani, mtoto mkononi na kitenge begani, kabla mimi sijaona kandambili ya pili. Nikabaki peke yangu sebuleni na tochi ya simu, nikitazama kidoa chini ya picha: ukubwa wa kikombe, ukubwa wa sahani, ukubwa wa sinia.

Hapa wengi hukosa ujasiri. Fundi yeyote atakwambia skrubu iliyotoboa bomba haing'olewi. Iache, ikaze zaidi hata, kafunge maji kwanza, maana hicho ndicho kizibo pekee ulicho nacho. Usimsikilize. Chukua bisibisi, ing'oe uone kuna nini. Utaona. Maji yaliruka sebule nzima yakapiga ukuta wa pili, kando ya soketi ya televisheni.

Kwa sentensi mbili naweka mzaha pembeni. Maji yakikaribia soketi, zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kitu kingine chochote, ukiwa umesimama pakavu. Kama hapana pakavu pa kusimama, toka nje na watu wako wote.

Tuendelee. Umeme umezima, giza limeingia, ziba tundu kwa kidole gumba. Kidole kinaziba vizuri ajabu, na faida yake kubwa ni kwamba kinakufunga ukutani: huwezi kwenda kutafuta pa kufungia maji, unaweza kupiga kelele tu. Na kupiga kelele kunataka lugha. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, lakini cha mafundi wa hapa kilikuwapo kabla ya Bunge kukijadili, kinakwenda Bukavu na kurudi kila siku kikibeba Kifaransa mfukoni. Bomba ni tiyo. Koki ni robine. Ile koki kubwa ya kufungia nyumba nzima, ambayo mtu wa Dar es Salaam angeiita geti valvu, ni vana.

“Keza! Funga vana!”

“Papa, vana ni nini?”

“Ile ya maji!”

Keza, miaka tisa, alikimbia jikoni, akakuta robine imefungwa, akaikaza zaidi kwa mikono miwili, akarudi kusimama mlangoni. “Nimefunga, Papa.” Maji yalikuwa yakinishuka kwenye kiwiko.

Vana ilikuwapo. Nyumba haikosi vana, inakosa mtu anayejua ilipo. Aliyejua alikuwa muzehe wa ng'ambo ya uzio, ambaye kelele zetu zilimleta na koti lake na fimbo.

“Mwihangane,” akasema, yaani poleni.

“Asante, Muzehe. Samahani, unajua vana yetu iko wapi?”

“Si pale chini ya migomba? Siku wanachimba nilikuwa nimekaa pale kwangu nawatazama. Waliifunika na kipande cha zege. Kisha wewe ukapanda juu yake.”

“Muzehe, mbona hukusema?”

“Nilidhani umeificha kwa ajili ya wezi.”

Mama Keza akachukua zamu ya kidole, mimi nikachukua jembe la umuganda, ambalo lilikuwa bado na udongo wa asubuhi. Tulichimba mgomba wa kwanza bure. Chini ya wa pili jembe likagonga zege. Vana ilikuwa safi, nzima, na imeganda: vana ya aina hiyo isipozungushwa kwa miaka sita huota chokaa na kutu ndani, na hiyo yetu haikuwa imeguswa tangu siku ya kuwekwa. Nikaishika kwa koleo, nikazungusha kwa hasira. Kichwa kikazunguka. Lango la ndani halikushuka. Kikazunguka tena na tena kama usukani wa gari la mtoto.

Hapo Keza, aliyekuwa ameshika tochi, akaimulika pembeni. “Papa, na hii ni nini?”

Ilikuwa koki ndogo kando ya mubazi, yaani mita ya maji, upande wa kwetu, hatua nne kutoka kwenye shimo. Naiona kila mwezi hesabu inaposomwa. Akaigeuza robo mzunguko na ukuta ukanyamaza.

Kati ya skrubu kung'oka na kimya kile zilipita kama dakika arobaini. Hata nikitoa muda ambao tundu lilizibwa kwa kidole, bado ni jerikani nyingi kuliko tulizowahi kuchota kwa siku moja, zote zimemwagwa kati ya kochi na mlango.

Kuhusu kulitengeneza mwenyewe, nashauri ujaribu kila kitu kwa mpangilio usio sahihi. Kulipopambazuka nilianza na gundi ya PVC iliyobaki tangu tulipofunga bomba la maji machafu. Gundi ile huyeyusha uso wa PVC, ndiyo maana vipande viwili vinashikana vikawa kimoja. PPR haiitambui. Unaweza kumimina kopo zima, itakauka juu yake kama kamasi na utaibandua kwa kucha. Kisha nikachonga kijiti nikakipigilia kwenye tundu, kwa sababu mti ukinywa maji huvimba na kubana. Hilo si wazo baya kwa saa chache. Lililo bora zaidi ni ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, huo ambao kila mbeba mzigo wa hapa hufungia magunia: unauvuta mpaka unakaribia kukatika, unauzungusha safu juu ya safu ukivuka tundu pande zote mbili, na presha ikiwa ndogo unakufikisha jioni. Kinachotakiwa ni bomba lililo wazi pande zote. Langu lilionyesha uso tu, mgongo ulikuwa ndani ya tofali.

Ndipo ukaitwa msaada. Fundi alikuja na moto, yaani pikipiki ya abiria, kutoka Kamembe, kisanduku cha chuma mapajani, baada ya misa ya kwanza. Hakuniuliza ilikuwaje. Aliuliza maswali matatu.

La kwanza: “Bosi, umeme upo?”

PPR huunganishwa kwa mashine ya moto wa nyuzi 260, na mashine hiyo inakula umeme. Soketi zangu zilikuwa zimelowa, na nilipojaribu upande wa chumbani nikakuta uniti za Cash Power, umeme wa kulipia kabla, zimeisha. Tukavuta waya mrefu kutoka kwa Muzehe, juu ya uzio, kupitia dirishani.

La pili: “Mkate upo?”

Mama Keza alidhani mtu hajanywa chai. Akamletea mkate mzima na chai ya maziwa katika thermos, na siagi. Fundi alishukuru, akanywa chai, akala vipande viwili kwa utulivu. Halafu akachukua kipande cha tatu, akakibandua ganda, akafinya nyama yake nyeupe ikawa kitonge, akakisukuma ndani ya bomba kwa kidole kidogo.

Nimeishi miaka arobaini na kitu bila kuijua kazi hiyo ya mkate. Bomba hata likifungwa huendelea kudondosha tone moja moja kutoka kwenye mteremko, na tone likigusa kiungo cha PPR kikiwa moto, kiungo hakishiki. Mkate unalizuia tone kwa dakika chache, kisha maji yakirudi unavunjika na kutokea kwenye robine, ili mradi umefungua kile kichujio cha mdomoni. Ganda halitakiwi. Ganda huenda likakwama mahali, na utaliona tena Krismasi.

Kabla ya hapo alikuwa amepanua ukuta. Msomaji ajitayarishe kwa hili, maana ndipo moyo unapouma: tundu la milimita 6 linadai shimo la urefu wa mkono. Bomba lililokatwa linaunganishwa kwa kusukumizwa ndani ya soketi pande zote mbili, na bomba lililozikwa halisukumiki, kwa hiyo ni lazima lifukuliwe mpaka liweze kupindwa kidogo kando na kurudi. Alikata kipande chenye tundu, akakausha ncha kwa kitambaa, akazitia kwenye mashine. Kwa bomba la milimita 20 ni sekunde tano. Ukizidisha, plastiki inajaa ndani na njia ya maji inakuwa finyu. Ukipunguza, haishiki. Akasukuma moja kwa moja bila kuzungusha, akashika, akahesabu kimya kimya, akaachia. Nilimwomba nijaribu upande wa pili. Alinitazama, akatazama ukuta, akasema, “Bosi, wewe shika tochi.”

Swali la tatu lilikuja akifunga kisanduku. “Picha ulitaka iwe wapi hasa?” Nikamwonyesha. Akatoa penseli nyuma ya sikio, akachora mstari mshazari toka ukuta wa bafuni hadi wa jikoni, kwa mkono mmoja bila rula. Hakusema kitu. Mstari bado upo, na wageni huuliza kama ni ufa wa tetemeko.

Baada ya fundi kuondoka bado kuna nafasi ya kuharibu. Usiyaache maji yatiririke mpaka yawe safi, ingawa bomba lililotobolewa likiwa tupu hufyonza udongo, na ya kunywa yanapaswa kuchemshwa siku hizo. Usifunge robine zote kisha ukatazama mubazi kama kile kigurudumu chake kidogo kimesimama kabisa. Zaidi ya yote, ziba shimo kesho yake kwa saruji. Mimi nilifanya hivyo. Udongo ndani ulikuwa bado mbichi kama wa kufinyangia, na baada ya wiki mbili lipu mpya ilianguka yote kwa pamoja, saa ya chakula. Fundi mwashi alicheka akabandua na lipu ya chini iliyokuwa nzima, ukuta upumue. Ilikuwa itumba, majira ya mvua kila alasiri. Tulisubiri mpaka icyi, yaani kiangazi, mwezi wa saba, ndipo ukuta ukatoa sauti kavu ukiugonga kwa kidole. Matofali kumi na moja yalibadilishwa.

Bili niliiogopa kuliko yote, kwa kuwa bei ya maji hupanda kadiri unavyotumia zaidi. Ilipokuja haikuniumiza. Maji yaliyomwagika hayakufika mita mbili za ujazo. Ukuta, lipu, rangi na kochi ndivyo vilivyonila, na hivyo hakuna anayevisomea mubazi.

Vana mpya sasa ipo, ya mpini mwekundu, inayofunga kwa robo mzunguko. Mgomba umehamishwa. Keza huifunga na kuifungua kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tukitoka umuganda, isije ikaganda. Nawe, kabla ya kupanda juu ya kiti na drili mkononi, mwite mtoto wa nyumba yako umuulize vana iko wapi. Asipojua, shuka.